Saa 1,800 Utazitoa Wapi?

Ukiniuliza masta ya ubunifu kwa njia ya mtandao inagharimu kiasi gani, sitaanza na ada. Nitaanza na saa 1,800. Shahada ya uzamili, hapa kwetu chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) na kule Uingereza vilevile, huwa na krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa kazi ya saa 10 za mwanafunzi: kusikiliza, kusoma, kuchora, kufuta, kuandika, kuchora tena. Gawanya. Kwa miaka miwili, bila kupumzika hata wiki moja, ni saa 17 na ushee kila wiki. Kwa miaka mitatu ni saa 11 na nusu. Sasa chukua saa 45 za kazi kwa wiki ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeziweka kuwa kikomo cha kawaida, ongeza daladala ya Bagamoyo hadi Makumbusho kama unafanya kazi Dar es Salaam, ongeza foleni ya Tegeta, kisha uzitafute hizo saa 17.

Hazipo. Matangazo ya vyuo hayakwambii hivyo. Kwenye tangazo yupo binti anayetabasamu mbele ya laptopu, kikombe cha kahawa pembeni, nyumba kimya. Hana mtoto mwenye homa, hana wifi aliyekuja kutoka Tanga kwa wiki mbili, wala hajateuliwa kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi.

Mshika mbili moja humponyoka. Ndivyo utakavyoambiwa nyumbani siku utakapotoa habari, na hawatakuwa wamekosea. Ushauri wangu ni kwamba usishike mbili. Tafuta masta ambayo walau nusu ya saa zake zitafanyika juu ya kazi ileile unayolipwa kuifanya mchana. Kama kazi yako hairuhusu hilo, au chuo hakiruhusu, ahirisha. Mambo mengine nitakayoyasema humu, ya TCU, ya pesa na ya umeme, yana uzito wake, lakini wengi wanaokwama hukwama hapa.

Nawaandikia watu ambao ukanda huu wa Bagamoyo unao tele. Mkufunzi wa sanaa anayehitaji shahada ya juu ili apande daraja. Mwenye steshenari mjini Bagamoyo anayechapa mabango ya semina za mahotelini kuanzia Jumatatu, na kadi za harusi kuanzia Alhamisi. Mbunifu wa kampuni ya matangazo Dar aliyejenga Mapinga au Kerege kwa kuwa kiwanja kilikuwa nafuu, na sasa anaamka kabla ya adhana. Fundi wa batiki aliyechoka kuuziwa kazi yake na madalali.

Kabla ya kuvuka bahari, tazama jirani. Bagamoyo ni mji wa shule ya sanaa: Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 ni wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Lakini TaSUBa hutoa cheti na stashahada, si uzamili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu, Chuo Kikuu Ardhi kina wasanifu wa majengo na wa mandhari ya ndani, Nairobi wana idara ya sanaa na ubunifu, Makerere wana skuli inayobeba jina la Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa pale miaka ya 1930. Vyote ni vyuo vizuri, ila vimejengwa zaidi kwa mwanafunzi anayefika darasani. Ukiishi Kiromo na una kazi, Makerere ni mbali sawasawa na London.

Kusoma kwa mbali kwenyewe si jambo geni nchini. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilifundisha kwa posta tangu miaka ya 1970, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewasomesha maelfu ya walimu, askari na makarani bila kuwatoa kazini. Niseme jambo ambalo litawaudhi wabunifu wenzangu: kwa mkufunzi anayetaka kubaki darasani, masta ya elimu ya Chuo Kikuu Huria yaweza kumfaa kuliko masta ya michoro ya Ulaya. Ni nafuu, hailazimu kuhakikiwa kama shahada ya nje, na tasnifu yake inaweza kuwa juu ya namna ya kufundisha kuchora. Anayetaka kuongoza studio, kubuni programu za simu au kufanya kazi na wateja wa nje, huyo ndiye wa kutazama mbali.

Ukiamua kutazama mbali, barua ya kwanza usiiandike kwa chuo. Iandike kwa TCU. Hao ndio wanaotambua shahada za nje, na bila utambuzi wao karatasi yako haitakusaidia kwa mwajiri wa serikali wala kwa chuo utakachoomba kufundisha. Waulize kwa maandishi, ukitaja jina la chuo, jina la programu, na kwamba inasomwa yote kwa mtandao. Hayo maneno ya mwisho usiyasahau, maana chuo kinaweza kutambulika na programu yako mahususi ikawa na maswali yake. Kisha tunza jibu.

Usione ni usumbufu. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilianika kampuni ya Karachi iitwayo Axact, iliyokuwa ikiendesha tovuti za vyuo visivyokuwepo, zenye picha za majengo na maprofesa wa kukodi, ikiuza shahada duniani kote. Na hapa kwetu hakuna aliyesahau Aprili 2017, uhakiki wa vyeti ulipobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wewe hutaghushi, najua. Lakini mwajiri aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona jani, na shahada ya mtandao, kwa ofisa wa utumishi mwenye mashaka, ni jani.

Kuna mtego mmoja unaowahusu hasa wenye stashahada. Baadhi ya vyuo vya nje vitakupokea kwenye masta kwa uzoefu wa kazi na jalada zuri la kazi zako, hata kama huna shahada ya kwanza. Utafurahi, na una haki ya kufurahi. Lakini ngazi za elimu yetu zinataka shahada ya kwanza kabla ya uzamili, na utakayemwonyesha masta yako atauliza ngazi ya katikati iko wapi. Kama unataka ujuzi na mtandao wa watu, nenda. Kama unataka kupanda daraja serikalini, anza na shahada ya kwanza, hata kama inauma.

Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya mwajiri kabla ya kujiandikisha, kwa barua, hata kama atasoma usiku kitandani. Ukimaliza bila ruhusa, hakuna anayelazimika kuitambua masta yako kwenye muundo wa utumishi. Sina la kuongeza hapo.

Pesa. Ada ya masta ya ubunifu ya mtandao kwa vyuo vingi vya Uingereza huvuka pauni 10,000, na hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Nani anayo? Wachache. Lakini masta ya Uingereza mara nyingi huwa na vituo njiani: krediti 60 za kwanza zinaweza kukupa cheti cha uzamili, 120 stashahada ya uzamili, 180 masta kamili. Uliza kama programu yako ina vituo hivyo, kama unaweza kulipa kwa moduli, na kama unaweza kusimama mwaka mmoja ukarudi. Chuo kinachokataa yote matatu hakijamfikiria mtu mwenye kazi, na sioni sababu ya kumpa pesa asiyekufikiria.

Panga kwa fedha ya kigeni, si kwa shilingi. Mwaka 2024 dola ilifika takriban shilingi 2,700, kisha ikashuka mwishoni mwa mwaka hadi kuzunguka 2,400. Kwenye ada ya dola 8,000 tofauti hiyo ni shilingi milioni 2.4, bei ya laptopu nzuri. Anayelipa kwa moduli hupata nafasi ya kungoja kidogo. Anayelipa yote siku moja hula bei ya siku hiyo. Kumbuka pia Bodi ya Mikopo: kama bado unadaiwa mkopo wa shahada ya kwanza, asilimia 15 ya mshahara wako inakatwa kabla hujauona, kwa hiyo hesabu yako ianzie kwenye kinachobaki. Upo ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masta zinazosomwa kwa mbali katika vyuo vya Uingereza, na Watanzania wanaruhusiwa kuomba. Lakini unatolewa kwa kozi zilizoidhinishwa tu, na nyingi zaegemea afya, elimu na maendeleo. Soma orodha ya mwaka husika kabla ya kuota. Nimewahi kumsikia mtu akisema atalipa ada kwa upatu. Inawezekana, ilimradi zamu yako ije kabla ya tarehe ya chuo, na wenzako kumi na mmoja wawe waaminifu kama wewe.

Sasa nirudi kwenye saa zile, maana hapo ndipo penye kazi.

Masta ya ubunifu, tofauti na ya sheria au ya uhasibu, kwa kiasi kikubwa hupimwa kwa kitu ulichotengeneza na sababu zako za kukitengeneza hivyo. Mhadhiri anataka kuona mchakato: ulimwona nani, ulimsikiliza vipi, ulichora rasimu ngapi, kwa nini ulizitupa, kilichotoka kilifanya kazi au hakikufanya. Mwenye steshenari hufanya hivyo kila siku bila kuandika. Mteja wa hoteli anakuja saa 11 jioni anataka bango la semina ya kesho asubuhi, lenye nembo sita za wafadhili na jina la waziri kwa herufi kubwa kuliko mada. Unahangaika nalo, unalikamilisha, linachapwa, linatundikwa, linatupwa. Hiyo kazi imekupa mshahara tu. Ukiweka daftari pembeni, ukapiga picha rasimu tatu na kuandika mistari minne ya sababu zako, imekupa pia nusu saa ya masta. Usisubiri kuanza chuo ili uanze daftari hilo. Anza mwezi huu. Litakuwa pia moyo wa jalada utakaloombea nafasi.

Unapochagua programu, kwa hiyo, usitazame kwanza majina ya walimu. Omba mwongozo wa moduli na usome maswali ya tathmini. Tafuta maneno yenye maana ya kwamba mwanafunzi atajiletea mradi wake mwenyewe. Programu inayokulazimisha kubuni chupa ya manukato ya mteja wa kufikirika kwa kila moduli itakula usiku wako wote. Inayokwambia ulete tatizo la mahali unapoishi ndiyo ya mtu mwenye kazi.

Na pwani yetu ina matatizo mazuri, tena ya bure. Hapa nina ugomvi kidogo na wanafunzi wengi wa Kitanzania wanaosoma vyuo vya nje: wote hukimbilia mapambo. Kanga, milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, Tingatinga. Walimu wa Ulaya huvipenda, huvisifu, na kwa sababu hawavijui hawawezi kukubana. Unapata alama nzuri na hujajifunza kitu. Ukitaka kanga, iingie kwa undani: ina pindo, ina mji, ina jina, na mtu anayenunua sokoni huamua kwa mpangilio fulani kati ya rangi, mji na maneno. Kaa na wauzaji, tazama mikono ya wanunuzi, uliza jina linasomwa kwanza au mwisho, na je, herufi zile zilizobanwa kwenye kisanduku zinasomeka kwa bibi asiye na miwani? Hapo una utafiti.

Lakini ningekushauri utazame chini zaidi. Bahasha ya dawa ya duka la dawa, iliyoandikwa 1 x 3 kwa kalamu ya haraka: mgonjwa anaelewa nini? Kabla au baada ya kula? Mara tatu za mchana, au usiku umo? Hiyo ni karatasi ndogo kuliko kiganja na ndani yake kuna masta nzima ya ubunifu wa taarifa. Au tokeni ya umeme wa LUKU, tarakimu 20 zinazofika kwa ujumbe wa simu, ambazo mtu huzibonyeza gizani akiwa ameshika tochi kwa meno. Au mistari ya rangi kwenye ubavu wa daladala za Dar, inayomwongoza hata asiyejua kusoma, na kinachotokea mgeni asipoijua. Au ubao wa bei kwenye mnada wa samaki, au kutokuwepo kwake, na nani anafaidika usipokuwepo. Anayesomea ubunifu wa mandhari na majengo anaweza kwenda Kariakoo na kujiuliza Beda Amuli, aliyelisanifu soko lile miaka ya 1970, alifikiria nini juu ya mvua na hewa alipoliezeka paa la miavuli ya zege, na wafanyabiashara wenyewe wamelitumia vipi tofauti na alivyokusudia.

Mambo hayo hayahitaji safari. Yapo njiani unapokwenda kazini.

Ila ukitumia kazi ya mwajiri au ya mteja, omba idhini ya maandishi. Ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe unatosha kuanzia: naomba kutumia rasimu hizi darasani, jina lako sitalitaja. Ukiwahoji watu, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; usipige picha sura ya mgonjwa dirishani pa duka la dawa kisha ukaiweka kwenye tovuti ya chuo. Chuo cha nje kitakutaka pia upite kamati yao ya maadili ya utafiti, na hiyo huchukua wiki kadhaa. Uliza Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) mapema kama utafiti wako unahitaji kibali. Na kwa heshima ya kawaida tu, kabla hujaanza kuuliza watu maswali mtaani, pita ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe kwa mwenyekiti, acha barua. Mtu mwenye daftari na kamera sokoni, asiyefahamika, huonwa kuwa wa kodi.

Usiku sasa. Pwani iko saa tatu mbele ya London wakati wa baridi yao, na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Semina ya saa 12 jioni kule huanza kwako saa 3 usiku kuanzia mwisho wa Oktoba, na saa 2 usiku kuanzia mwisho wa Machi, maana wao husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Weka tarehe hizo mbili kwenye kalenda. Na kwa sisi tunaohesabu kuanzia macheo, ratiba ya chuo iandike upya kwa mkono wako, kwa saa za Kiswahili, uibandike ukutani watu wote wa nyumbani waione. Mtoto wa miaka saba akijua kwamba Jumanne saa 3 mama yuko darasani, atakuwa mlinzi mkali kuliko mlango.

Mfungo wa Ramadhani utaangukia ndani ya muhula, utake usitake. Wapo wanaosema hawawezi kusoma mwezi huo. Kwa ninavyoona, ule muda kati ya daku na alfajiri, nyumba imeshakula na bado haijalala tena, ni wa kusoma kweli: hakuna anayekupigia simu, na mtandao hauna msongamano. Ubaya ni jioni. Usijiandikishe semina ya saa 12 jioni ya pwani mwezi wa futari. Muombe msimamizi muda mwingine mapema, naye akielezwa vizuri huelewa.

Harusi na msiba ni vitu viwili tofauti, tafadhali. Msiba unakwenda. Hakuna masta inayostahili kukukosesha maziko ya jirani, na chuo chochote chenye akili kina utaratibu wa kuongeza muda kwa dharura. Usome siku ya kwanza, ujue fomu iko wapi. Harusi toa mchango, nenda siku yenyewe, pendeza, cheza. Kamati kataa. Sema una masomo, sema mapema, na toa mchango wako wa kwanza kabla ya wote ili maneno yasiwe mengi.

Sheria inakupa siku 28 za likizo ya mwaka. Wengi huzila kidogokidogo kwa safari za ghafla. Mwaka wa tasnifu zigawe mara mbili: wiki mbili za kukusanya taarifa, wiki mbili za kuandika. Hesabu ya usiku peke yake haimalizi tasnifu. Na wewe wa Mapinga unayepanda gari alfajiri, pakua mihadhara kama sauti tupu na uisikilize njiani. Nadharia inaingia vizuri masikioni. Michoro inangoja meza.

Kuhusu mtandao nitakuwa mkali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania nzima ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kwenye barua ya chuo hakuna kilichoandikwa juu ya Mei wala Oktoba. Kuna tarehe ya kuwasilisha, basi. Kwa hiyo jiwekee tarehe yako mwenyewe, siku tatu kabla ya yao, na uiheshimu kama ndiyo. Mwambie msimamizi wiki ya kwanza, si siku ya janga, kwamba nchini kwako mambo haya hutokea, na mkubaliane mtawasiliana vipi: ujumbe mfupi wa simu, au ndugu aliye nje ya nchi atakayempigia kwa niaba yako. Ijumaa jioni pakua masomo yote ya wiki inayofuata. Saa moja ya Zoom yenye video yaweza kumeza gigabaiti nzima au zaidi. Zima kamera yako usipoongea, na omba rekodi.

Programu za kuchorea ziwe zile zinazofanya kazi bila mtandao. Figma ni nzuri, na ina leseni ya bure kwa wanafunzi, lakini inaishi mtandaoni. Inkscape, Krita na Blender ni za bure, zinakaa ndani ya mashine, na masika yakikata umeme zinaendelea hadi betri iishe. Zungumza na chuo kabla ya kununua chochote: wengine hukupa leseni za Adobe ndani ya ada, wengine hawakupi, na tofauti hiyo kwa miaka mitatu si ndogo. Kazi zako ziweke sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na mtandaoni. Hewa ya chumvi huku pwani haina huruma na vifaa. Diski iwe ndani ya mfuko unaofungwa vizuri, si juu ya kabati dirishani.

Jambo ambalo masta ya mtandao hailitoi vizuri ni kukosolewa. Kwenye studio ya kweli watu husimama mbele ya kazi yako, wanakunja uso, mmoja anacheka, na unaelewa kabla hawajasema. Kwenye skrini kila mtu ni mpole. Walimu huandika maneno ya adabu yanayokuacha hujui kama kazi ni mbovu. Tafuta watu wawili wa hapa hapa, wenye macho na wasiokuogopa, uwaonyeshe kila baada ya wiki mbili. Bagamoyo haina uhaba wao: kuna wachongaji, wachoraji na wakufunzi, na wiki ya tamasha la TaSUBa mji hujaa wasanii kutoka kila upande. Mmoja kati ya hao wawili asiwe mbunifu. Mama muuza samaki akishindwa kusoma ubao wako wa bei, mhadhiri wa Uingereza hana la kuongeza.

Kiingereza cha kuandikia ni kazi nyingine. Vyuo vingi vya Uingereza huomba alama 6.5 za mtihani wa IELTS, na cheti hicho hudumu miaka miwili, basi usikifanye mapema mno. Uliza pia kama shahada yako ya kwanza iliyosomwa kwa Kiingereza inatosha. Akili unde itakusaidia kusahihisha sarufi pale chuo kinaporuhusu, lakini ikikuandikia sababu za ubunifu wako, mwalimu atakuuliza swali moja kwenye mazungumzo ya ana kwa ana na utakwama.

Wapo ambao ningewaambia wasisome. Edward Saidi Tingatinga hakuhitaji darasa ili aanzishe mtindo unaobeba jina lake. Mustafa Hassanali, aliyeanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, alisomea udaktari wa tiba. Mteja wa kadi za harusi wa Dunda hatakulipa zaidi kwa sababu una masta. Kama shida yako ni bei ndogo, tafuta wateja wengine kwanza. Milioni 30 ni mashine nzuri ya kuchapa na kodi ya chumba kilicho barabarani. Masta inamfaa anayetaka kufundisha, anayetaka kuongoza wabunifu wengine, anayeomba kazi kwenye mashirika yanayodai sifa za kitaaluma, au yule ambaye swali fulani la kazi yake limemkaa kichwani miaka na hajapata wa kulijadili naye. Huyu wa mwisho ndiye ninayempenda kuliko wote, na mara nyingi ndiye anayemaliza.

Ukiwa mmoja wao, chagua mwezi wa kuanza kwa akili. Programu nyingi za mtandao hupokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka, Septemba na Januari zikiwa za kawaida. Mfungo wa Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2027 unatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari, wakati mwanafunzi wa Januari bado anatafuta nywila ya maktaba na hajazoea saa za semina. Wa Septemba atakuwa ameshazizoea, na mgeni wake wa kwanza atakuwa vuli.